Akufukuzaye Hakwambii Toka

Ndugu msomaji, katika majumba yetu ya pwani kumeingia msiba wa namna mpya. Kijana aliyesomea kompyuta, akapata kazi katika kampuni ya programu, Nairobi au Dubai au ng'ambo, siku moja huwajia wazee wake akasema: "Nimeacha kazi." Akiulizwa sababu, hueleza kwamba alipewa alama mbaya katika tathmini ya mwaka, na tangu siku hiyo hapakukalika tena. Hapo lawama huanza. Baba asema mtoto ni mvivu. Mjomba asema vijana wa leo hawana subira. Na barazani hakosekani wa kuongeza: "Mshahara ule! Si angevumilia tu?"

Sisi twasema lawama hizi mara nyingi humwangukia asiyestahili. Kabla ya kumhukumu aliyepimwa, yafaa tuitazame mizani iliyompima.

Mizani hiyo ina historia. Jack Welch, aliyeiongoza kampuni ya General Electric ya Marekani tangu 1981 hadi 2001, ndiye aliyeupa sifa mtindo wa kuwagawa wafanyakazi mafungu matatu kila mwaka: asilimia 20 walio bora, asilimia 70 wa katikati, na asilimia 10 wa mwisho, ambao huonyeshwa mlango. Makampuni mengi yakaiga. Microsoft nayo ilikuwa na mtindo wa namna hiyo mpaka ilipouacha Novemba 2013. Mwaka mmoja kabla yake, mwandishi Kurt Eichenwald alieleza katika jarida la Vanity Fair jinsi wafanyakazi aliowahoji walivyoulaumu mtindo huo kwa kuiharibu kampuni: mafundi hodari walikwepa kufanya kazi pamoja na hodari wenzao, kwa kuogopa kuwa wa mwisho kati yao.

Hebu fikiri, msomaji. Lau mwalimu wa chuoni angekuwa na wanafunzi kumi, wote wamesoma vizuri, kisha akaamrishwa amwandike mmoja kuwa ameshindwa kwa kuwa hesabu yataka hivyo, je, ungemwita mwadilifu? Na wanafunzi hao, wakijua kwamba mwenzao akianguka wao ndio waliopona, je, watafundishana? Au kila mmoja ataficha alichokijua?

Wala usidhani mambo haya yamepita. Januari 2025 kampuni ya Meta, yenye Facebook na WhatsApp, ilitangaza kwamba itawatoa takriban asilimia 5 ya wafanyakazi wake, ikiwaita wenye utendaji wa chini kabisa. Walipotolewa mwezi uliofuata, baadhi yao walijitokeza wakasema kwamba tathmini zao za nyuma zilikuwa nzuri. Kupoteza kazi ni shida moja. Kutangazwa mbele ya walimwengu kuwa hufai ni shida ya pili, nayo yamfuata mtu hata aendako kuomba kazi nyingine.

Huenda ukauliza: je, wavivu hawapo? Wapo, na mwenye kula mshahara bila kuufanyia kazi amekhini amana. Lakini tathmini ya haki yajulikana kwa alama zake. Kwanza, hutaja kosa lenyewe: kazi gani, lini, na ilipaswa iweje. Pili, haimzukii mtu ghafla; huwa ameonywa mapema. Tatu, humpa nafasi ya kujibu. Ama ile ya dhulma husema tu, "Huna ari," au "Hulingani na wenzako," bila ya mfano hata mmoja. Kisha hufuata karatasi iitwayo mpango wa kujirekebisha, ya siku 30 au 60, yenye masharti asiyoweza kuyatimiza hata aliyeyaandika. Hapo wahenga wetu walikwisha sema: akufukuzaye hakwambii toka.

Na nyinyi mnaohubiri subira, semeni kweli: je, ni nyinyi mnaoamka saa nane za usiku kujibu ujumbe wa mkubwa wa kazi? Ni nyinyi mnaokula na watoto huku macho yako kwenye simu? Subira ni kuustahimili uzito wa kazi ya haki. Kumsaidia anayekudhulumu aendelee kukudhulumu si subira, na riziki haikufungwa katika mlango mmoja.

Nawe kijana, usitoke kwa hasira. Kwanza jipime mwenyewe kwa haki. Ikiwa kosa lipo, lirekebishe, kwani hilo litakufuata popote. Usitie sahihi barua ya kujiuzulu kabla ya kuusoma mkataba wako, maana anayejiuzulu huenda akakosa malipo ambayo anayeachishwa angeyapata. Ikiwa wafanya kazi Kenya, jua kwamba kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chamtaka mwajiri, kabla hajamwachisha mtu kwa utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua yeye mwenyewe. Weka akiba ya miezi kadhaa. Kisha kabidhi kazi yote, usichukue siri ya kampuni, wala usiharibu ulichokijenga. Wao wakikosa uadilifu, wewe usiukose.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi hivyo, mpeni kwanza chakula na usingizi. Msihesabu mbele ya wageni mshahara alioupoteza. Ameshapimwa na watu waliohitaji mtu wa mwisho, wakamtaja yeye. Nyumbani kwao hapahitaji mtu wa mwisho; basi kwa nini mumpe cheo hicho mara ya pili?

Wabillahi taufiki.