Chaguo Lisilo na Mwalimu Si Chaguo

Shule za sekondari za Kikatoliki hapa Kampala na pembezoni mwake zina sifa, na sifa hiyo hazikuiokota njiani. Namilyango ilianzishwa mwaka 1902, Kisubi mwaka 1906, Namagunga mwaka 1942. Mzazi akimpatia mtoto wake nafasi katika shule ya aina hiyo, jamaa wote hupata habari. Kwa sababu hiyohiyo nazielekezea hoja yangu shule za Kanisa kabla ya nyingine zote, kwani zinalolifanya leo, shule ndogo huliiga kesho. Na jambo mojawapo linalofanyika humo ni kuwaambia wanafunzi wachague masomo ilhali wamekwisha kuchaguliwa.

Tufanye hesabu kidogo. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 unampa mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili masomo 12. Kati ya hayo 11 ni ya lazima, na Kiswahili kimo. Akifika kidato cha tatu, masomo ya lazima hubaki 7: Kiingereza, Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia, Jiografia na Historia. Jumla anayoruhusiwa kusoma ni masomo 8 au 9. Basi nafasi za hiari ni moja au mbili tu, na zinagombaniwa na Kiswahili, Elimu ya Dini, Ujasiriamali, TEHAMA, Kilimo, Sanaa, Fasihi, Kifaransa, Luganda na mengineyo.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya Kikatoliki, niliona jinsi ugomvi huo unavyoamuliwa. Elimu ya Dini ilichukuliwa na kila mwanafunzi. Hilo silipingi, ni shule ya Kanisa, na mzazi alilijua tangu mwanzo. Ila sasa imebaki nafasi moja. Kwenye ratiba, Kiswahili kilipangwa saa moja na TEHAMA. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa mmoja, wa kibarua, akija siku mbili kwa wiki. Wanafunzi wenye alama za juu walishauriwa "wasijipotezee muda". Mwishowe kidato cha tatu kizima kilitoa wanafunzi sita wa Kiswahili, nami nikaambiwa kwa upole kabisa: "Mwalimu, watoto wenyewe hawakitaki."

Wenzangu, hiyo ndiyo kauli ninayoipinga. Mtoto aliyesoma somo kwa miaka miwili akiwa na mwalimu wa kupitapita, kisha akaambiwa achague kati ya somo hilo na kompyuta, hakuulizwa anataka nini. Uamuzi ulitolewa na ratiba. Ukimpa mtu sahani mbili, moja ina chakula na nyingine ni tupu, usitangaze baadaye kwamba umegundua anachokipenda.

Mambo hayaishii hapo. Kidato cha tano huja na kombinesheni: masomo makuu matatu, Jenero Pepa, na Hisabati au TEHAMA ya ziada. Kila mmoja wetu anajua ngazi zake. Juu kabisa wameketi watu wa Fizikia, Kemia na Hisabati pamoja na wale wa Biolojia. Chini yao Historia, Uchumi na Jiografia. Na Kiswahili, kikipatikana, ni cha "waliobaki". Kombinesheni zimekuwa vyeo. Mtoto hupangiwa kwa alama zake, na mara chache huulizwa anakusudia kufanya kazi gani.

Wapo watakaosema kosa ni la serikali. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha matumizi yake rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Katika kipindi hichohicho cha mwaka 2022, mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwalimu wa sanaa mwenye shahada kama hiyo, wa Kiswahili akiwemo, akaachwa kwenye milioni moja na kidogo. Serikali ilikisifu Kiswahili kwa mdomo na kukishusha kwa mfuko. Mkono mtupu haulambwi.

Lakini shule za Kanisa haziwezi kujificha nyuma ya serikali. Zinapotaka mwalimu wa ziada wa Hisabati, wazazi huchangishwa na mwalimu hupatikana. Zinapoona Elimu ya Dini ina maana kwao, huilinda hata mtaala unapoiita ya hiari. Uwezo upo, kinachokosekana ni nia.

Wengine husema lugha hii si ya Kanisa letu. Historia inajibu. Mapadri wa kwanza wa Kikatoliki waliofika Buganda mwaka 1879 walipitia Zanzibar na Bagamoyo, na katika kasri la Mutesa Kiswahili kilikuwa kikieleweka kabla yao. Ni kweli pia kwamba Gavana Gowers alipokipigia debe Kiswahili mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa alikipinga na maaskofu wa misheni nao wakakipinga. Hofu zao zilikuwa za zama zao. Leo, kila Juni 3, mahujaji kutoka Kenya na Tanzania hujaa Namugongo wakisali na kuimba kwa Kiswahili. Ni aibu mwanafunzi wa shule yenye jina la mtakatifu kushindwa kumwelekeza hujaji mwenzake kwenye maji ya kunywa.

Nasi hatusemi sayansi ipunguzwe. Daktari wa Mulago anahitaji Kemia, na siku anayompokea mgonjwa kutoka Goma anahitaji Kiswahili. Mhandisi atakayeomba kazi Dodoma atahojiwa kwa lugha gani?

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa shule mambo matatu. Kwanza, Kiswahili kisipangwe tena saa moja na TEHAMA. Pili, kila shule iwe na mwalimu wa Kiswahili wa kudumu hadi kidato cha nne, alipwe kama wenzake wanaolipwa na wazazi. Tatu, kidato cha tano kiwe na kombinesheni inayounganisha Kiswahili na Uchumi au Jiografia, na iwe wazi kwa mwenye alama za juu pia.

Wahadhiri wetu nao wana sehemu yao: tunapopelekwa mazoezini, waingie ofisi ya mwalimu wa taaluma waitazame ratiba kabla ya kuja darasani kututazama sisi. Somo la Kiswahili huuawa kwenye ratiba, na huko ndiko litakakookolewa.