Harusi Mafia: Mpiga picha wa bei nafuu anaweza kuwa ghali

FAMILIA nyingi za Mafia hupendelea kuoza katika mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, au Mfungo Mosi, baada ya Idi. Kamati ikikaa, maswali huwa yale yale: ng'ombe atatoka wapi, mchele kilo ngapi, na nani atapiga picha. Swali hilo la mwisho huachwa hadi wiki ya mwisho, ingawa kosa lake halirekebishiki. Wali ukiungua hupikwa mwingine, lakini nikah haifungwi mara ya pili kwa sababu betri ya kamera iliisha.

Naliandika jambo hili katika kurasa za kilimo kwa sababu fedha inayolipa harusi Mafia inatoka kwenye nazi, korosho, pweza na samaki. Nazi huangushwa kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mvuvi wa pweza wa Jibondo hupata wakati wa bamvua. Korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani, katika minada ambayo kwa kawaida huanza Oktoba. Kalenda ya Kiislamu nayo husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Shaaban ya mwaka 2027 inatarajiwa kuangukia Januari na siku za mwanzo za Februari, wakati kusi imeshapita na mkulima wa korosho ameshauza. Mfungo Mosi wa mwaka huo utakuwa Machi hadi mwanzoni mwa Aprili, masika yakiingia, na Mafia inajulikana kwa mvua. Kamati inayotaka picha za nje ianzie hapo kabla hata ya kuuliza bei.

Sasa tuje kwenye bei. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mpiga picha wa Dar es Salaam ametaja shilingi 600,000, na kijana wa Kilindoni ametaja 450,000. Tofauti inaonekana ni 150,000. Lakini huyo wa Dar atakuja na msaidizi, na nauli, chakula na malazi yao ni juu ya mwenye harusi. Tukiweka 200,000, gharama inafika 800,000. Ikiwa nazi shambani ni shilingi 500, hizo ni nazi 1,600, wakati kijana wa Kilindoni ni nazi 900. Mzee mwenye minazi yake Baleni anaelewa hesabu hiyo haraka kuliko ya shilingi.

Isitoshe, kuna bahari. Anayetoka Dar kwa barabara huanzia Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, na vyombo vya kuja Kilindoni hufuata maji kujaa na kupwa, si saa ya kadi ya mwaliko. Ndege huchukua kama nusu saa, ila ni ndogo, nauli yake ni kubwa na mizigo hupimwa kilo. Mpiga picha wa mbali asipofika siku moja kabla, harusi ipo mashakani.

Hilo lilitukuta sisi wenyewe. Katika harusi ya mdogo wangu wa kike, Kirongwe, tulimlipa mpiga picha kutoka bara fedha yote kabla hajapanda chombo. Alifika alasiri, nikah imeshafungwa, akapiga picha za wageni wakila pilau. Video alituahidi baada ya wiki mbili. Baada ya mwezi simu yake ikawa haipatikani. Mimi niliyesomea uchumi ndiye niliyeshauri alipwe yote mapema ili atupunguzie bei, na baba bado ananikumbusha.

Siku hizi nashauri malipo ya awamu tatu: kianzio wakati wa kupatana, sehemu ya pili siku ya harusi, na ya mwisho, isiyopungua theluthi, picha zikishakabidhiwa. Makubaliano yaandikwe, hata kwenye ukurasa mmoja wa daftari, yakiwa na tarehe, saa ya kufika, idadi ya picha za kusafishwa, siku ya kukabidhi na saini za mashahidi wawili. Makubaliano ya mdomo nayo yana nguvu kisheria, lakini kuyathibitisha mbele ya Mahakama ya Mwanzo ni kazi nyingine.

Kabla ya hapo, muombe akuonyeshe harusi moja nzima aliyopiga, si picha kumi alizochagua. Angalia za usiku na za ndani ya nyumba yenye taa moja, maana hapo ndipo wengi hushindwa. Muulize ana kamera ya pili, na picha anazihifadhi sehemu ngapi.

Jambo zito kuliko yote ni upande wa wanawake. Kwenye singo na kumpamba bibi harusi, wanawake wapo bila buibui, na mwanamume haingii. Huko anahitajika mpiga picha mwanamke, au binti wa familia anayeiweza kamera. Picha hizo zikitoka zikazagaa kwenye simu za watu, hakuna fidia itakayomrudishia mtu heshima yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua picha kuwa kazi yenye hakimiliki, hivyo mpiga picha anaweza kudhani ana uhuru wa kuitumia kujitangaza. Iandikwe wazi kwamba za wanawake hazitangazwi popote, na nakala zake zifutwe baada ya kukabidhiwa.

Wanaotamani picha za Utende au Chole wakumbuke kuwa hilo ni eneo la Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995. Waulize ofisi ya hifadhi mapema kuhusu ada na kibali.

Kwa mabinti wa Kilindoni naona nafasi ya biashara. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, inatenga asilimia 4 kwa wanawake na 4 kwa vijana. Vikundi vingi huomba fedha za kuku au cherehani. Kikundi cha mabinti watano chenye kamera mbili na taa kingeingia kila chumba cha bibi harusi kuanzia Bweni hadi Jibondo, na mshindani wao kutoka Dar asingepita hata mlangoni.