Barua ya Shule na Neno "Akili"



Miongoni mwa barua za shule tunazoletewa tuzisome na kuzifasiri, iliyo nzito kuliko zote ni ile inayotaja afya ya akili. Mzazi akishayasikia maneno hayo hujibu upesi: "Mwanangu si mwendawazimu." Barua hukunjwa, hutiwa kabatini, na mtoto hubaki na mzigo wake.

Kwa maoni yetu, tatizo hili lina mzizi katika lugha, kwani mapenzi ya wazazi hatuna shaka nayo. Kwetu sisi, aliyepungukiwa na akili ni mjinga, na aliyeharibikiwa nayo ni mwendawazimu. Walimu wa hapa Uingereza wanapotaja afya ya akili hukusudia jambo lililo pana zaidi: usingizi, hofu, huzuni, hamu ya chakula, na nguvu ya kuyakabili mambo ya kila siku. Hayo yote sisi tumezoea kuyaweka moyoni. Twasema fulani ana moyo mzito, anasononeka, amezidiwa na mawazo. Basi barua ile ikifasiriwa kwa maana yake, yasema: "Mtoto wenu ana moyo mzito, nasi twapenda tusaidiane nanyi." Ni mzazi gani angeyakataa maneno hayo?

Mambo huharibika zaidi pale mtoto mwenyewe anapofanywa mkalimani. Kijana wa miaka 13 ataketi vipi baina ya mama yake na mwalimu, afasiri kwamba halali usiku na hulia chooni wakati wa mapumziko? Atasema, "Mwalimu anasema naendelea vizuri." Tusimlaumu, amemhurumia mama yake. Mzazi na aombe mkalimani aliye mtu mzima. Kwa daktari wa NHS huduma hiyo haina malipo, na shule nayo iarifiwe mapema, kabla ya siku ya mkutano.

Wapo wanaochelea kwamba kupokea msaada ni kufungua mlango wa kunyang'anywa mtoto. Kupelekwa kwa mshauri wa shule, au kwa huduma ya NHS ya watoto na vijana iitwayo CAMHS, ni matibabu kama matibabu mengine. Wapo pia wanaolalamika kwamba mwalimu ametoa siri. Mwalimu hatakiwi kumwahidi mtoto kwamba atamfichia jambo linalohusu usalama wake. Sharti amweleze mwenzake aliyepewa dhamana ya ulinzi wa watoto shuleni. Huyo hakusengenya, ametimiza wajibu wake.

Sisi tuliowahi kushika chaki twajua kwamba mwalimu naye ana moyo. Huyachukua machozi ya watoto wa watu hadi nyumbani kwake, pamoja na madaftari ya kusahihisha. Akipokewa na mzazi kwa maneno makali, safari ya pili huenda akasita kuandika, na atakayepata hasara ni mtoto. Neno moja la shukurani humtia nguvu ya kuendelea kuwatazama watoto wetu kwa makini. Na kwa ndugu zetu walio walimu au wasaidizi wa madarasani, shirika la Education Support hupokea simu zao bure, usiku na mchana, kwa nambari 08000 562 561.

Nyumbani, tusimhoji kijana mbele ya wageni. Tumuulize tukiwa naye jikoni au njiani: "Siku hizi walala vipi?" Kisha tunyamaze, tumsikilize hadi amalize. Dua na sala tusiziache, lakini tukumbuke kwamba dua haigombani na daktari. Akiona haya kutuambia sisi, anaweza kupiga simu Childline, 0800 1111, bila malipo, saa yoyote. Hali ikizidi, tupige 111 na kuchagua huduma ya afya ya akili. Na maisha yakiwa hatarini, 999 bila kungoja.

Barua hiyo ikifika, isomwe na mtu mzima na ijibiwe wiki hiyo hiyo. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Hadi mwezi ujao, tunawatakia afya njema, ya mwili na ya moyo.