Mkia wa msokoto: Mnunuzi wa mbwa analipia nini?

Mwenye duka au ghala Mchafukoge, jirani na Kariakoo, akitafuta mbwa hukuta bei zinapishana mno. Wa kienyeji ni rahisi. Ghali ni yule wa 'kizungu' mwenye pua bapa, ngozi ya mikunjo na kimkia kilichosokotwa kama skrubu. Kabla ya kutoa fedha inafaa kujua kinachouzwa.

Mkia huo si urembo. Ni pingili za mwisho za uti wa mgongo zilizoumbika vibaya tangu mbwa akiwa tumboni. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walibaini kasoro ya jeni iitwayo DVL2 kwa Bulldog, French Bulldog na Boston Terrier. Karibu wote wa aina hizo wanayo. Maana yake, anayepandisha Bulldog kwa Bulldog akitarajia mkia ulionyooka anajidanganya. Pingili za mgongoni nazo zikiharibika, miguu ya nyuma inaweza kulegea. Mlinzi gani huyo?

Ngozi ndiyo inayokula fedha mapema, hasa kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam. Chini ya mkia uliobana kuna mfuko. Uchafu hukaa humo, bakteria na fangasi wakazaliana, ngozi ikawa nyekundu na kutoa harufu. Mbwa huburuta makalio, mwenyewe akadhani ni minyoo na kununua dawa isiyosaidia. Mikunjo inatakiwa kusafishwa na kukaushwa mara kwa mara. Ikishindikana, daktari wa mifugo hulazimika kuukata mkia kwa upasuaji, nao si wa bei ya dawa ya minyoo.

Uholanzi ilikaza masharti ya kuzalisha mbwa wa pua bapa mwaka 2019. Kwetu ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini sokoni mkaguzi wa kwanza ni mnunuzi. Inua mkia, nusa, pitisha kidole mgongoni, mwone akikimbia. Omba pia kuwaona wazazi wake.

Mkia uliojikunja juu ya mgongo lakini unanyooka ukivutwa taratibu, kama wa Basenji wa Kongo, hauna neno. Vivyo hivyo kipande kilichobaki baada ya mkia kukatwa au kujeruhiwa: hakirithiwi na watoto.