UKURASA WA UFUNDI: Msumeno wa Meza kwa Mfuko Mdogo

Wazazi kadhaa hapa Uingereza wametuuliza: mtu mwenye banda dogo nyuma ya nyumba, na fedha chache, achague msumeno gani wa meza? Tutajaribu kulijibu swali hili kwa kifupi.

Wengi wetu huanza kwa kuulizia nguvu ya mota. Twaona hilo lije mwisho. Plagi ya kawaida ya nyumba za nchi hii ina fyuzi ya ampea 13, hivyo mashine yoyote ya kuchomekwa hapo haizidi wati 3,000 hivi. Bledi ya inchi 10 hukata ubao wa unene wa inchi 3 hivi, nayo yatosha kwa meza, kabati na vitanda.

La kwanza ni usalama. Meno ya nyuma ya bledi huzunguka yakipanda juu. Ubao ukiyabana, hunyanyuliwa ukarushwa kwa nguvu kumwelekea fundi, na mkono unaousukuma huweza kuvutwa kwenye meno. Kinga yake ni kibamba chembamba cha chuma kinachosimama nyuma ya bledi, kikipanda na kushuka pamoja nayo, ili mpasuo usijifunge. Msumeno uliokwisha tumika, usio na kibamba hicho wala kifuniko cha bledi, tusiununue hata kwa bei ya kutupa. Kidole hakiuzwi dukani.

La pili ni ukingo wa kuongozea ubao. Mashine ikiwa imechomolewa, tuufunge ukingo, kisha tupime kwa rula kutoka ukingoni hadi mbele ya bledi, na tena hadi nyuma yake. Vipimo vikitofautiana na ukingo haurekebishiki, tuuache msumeno huo.

La tatu, fedha zisiishie kwenye mashine. Tubakize fungu la bledi nzuri: ya meno 24 kwa kupasua ubao kwa urefu wake, 40 kwa kazi mchanganyiko, 60 au zaidi kwa plaiwudi. Tununue pia miwani na vizuizi vya vumbi na kelele. Kijiti cha kusukumia ubao twaweza kukichonga wenyewe. Kanzu, mitandio, mikono mipana na glavu visikaribie bledi inayozunguka.

Anayenuia kupeleka mashine nyumbani akumbuke kwamba umeme wa Zanzibar, Mombasa na Maskati ni wa volti 230 hadi 240, kama wa hapa. Wa Marekani ni volti 120. Msumeno wa huko ukichomekwa kwetu huungua.

Na fedha zisipotosha? Tusikope. Msumeno wa duara wa kushika mkononi, ukiongozwa na ubao ulionyooka uliobanwa imara, hupasua plaiwudi ya futi 8 kwa 4 vizuri kuliko meza ndogo isiyoweza kuibeba. Maseremala wa pwani yetu walitengeneza milango ya kusifika kwa msumeno wa mkono, randa na patasi.

Tukumbuke pia kwamba vijana wetu husimama kando wakitazama. Wakituona tunavua kifuniko ili kazi iende upesi, hilo ndilo somo watakalolichukua.

Mwezi ujao, inshallah, tutaeleza namna ya kuunga mbao kwa gundi.