KUSHUSHA GARI SI KUKATA SPRINGI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Najua jarida la chama chetu limezoea mashairi, vitendawili na insha za methali. Hata hivyo, Kiswahili ni lugha ya kila mahali, hata ya gereji, na leo naomba tuingie huko.

Ukisimama kando ya barabara kuu ya Embu kwenda Meru Jumamosi jioni, utayaona. Subaru Impreza, Toyota Mark X, Volkswagen Golf, yote yamelala chini kama kuku anayeatamia mayai, ekzosi zinanguruma. Yakifika kwenye tuta, dereva anapinda usukani avuke kimshazari, gurudumu moja moja. Vijana wenzangu hushangilia, "Hiyo gari imeshuka, bana!" Hata mimi hupenda kuyatazama, sitasema uongo. Lakini kupendeza ni jambo moja, na kufika Nkubu ukiwa mzima ni jambo lingine. Maoni yangu ni haya: anayetaka kushusha gari na anunue springi zilizotengenezwa kiwandani zikiwa fupi, pamoja na shokamzoba zinazolingana nazo. Kama hana pesa hizo, aliache gari lilivyo. Asikate springi.

Kwanza tuwe wa haki. Wako wazee wanaosema kushusha gari ni ujinga mtupu. Sikubaliani nao. Katika Fizikia tulifunzwa kwamba kitu ambacho uzito wake uko karibu na ardhi hakipinduki upesi. Gari lililoshushwa vizuri haliinami sana kwenye kona, na usukani wake hutii haraka. Kwa hivyo kijana anayetamani jambo hili si mwendawazimu. Shida ni njia anayochagua.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kukata springi, na ndiyo iliyoenea kwa sababu ni rahisi mfukoni. Ya pili ni kununua springi fupi za kiwandani, ambazo kwa kawaida huteremsha gari kwa sentimita 2 hadi 4 hivi. Ya tatu ni kununua springi na shokamzoba zilizounganishwa pamoja, zenye nyuzi kama za parafujo, ambazo mwenye gari anaweza kupandisha na kuteremsha apendavyo. Hii ya tatu ni ghali kuliko zote.

Kwa nini naipinga ile ya kwanza? Springi hubeba uzito wa gari, na gurudumu linapoingia shimoni hulisukuma chini ili lishike barabara. Shokamzoba nayo huizuia springi isiendelee kurukaruka. Hawa wawili ni kama mume na mke: ukimbadilisha mmoja bila kumwuliza mwingine, nyumba haikaliki. Fundi akikata mizunguko miwili, springi inayobaki huwa fupi na ngumu zaidi. Ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikalio chake. Gari likiruka tuta na gurudumu likaning'inia, springi yaweza kucheza au hata kuchomoka. Shokamzoba iliyopimiwa urefu wa zamani sasa inafanya kazi ikiwa imebanwa, inagonga kila mara, na baada ya muda inaanza kuvuja oili. Tairi nazo huegemea ndani na kulika upande ambao mwenyewe haoni, hadi nyuzi zinatokeza.

Wengine hawakati. Wao huichoma springi kwa gesi ya kuchomelea hadi inyong'onyee. Hilo ni baya zaidi. Chuma cha springi hupata nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Ukikichoma ovyo umekinyang'anya nguvu hiyo, na hakuna fundi wa jua kali atakayeirudisha.

Sasa tazama barabara yetu. Kutoka Embu hadi Meru tunavuka mito inayotoka Mlima Kenya: Ena, Thuchi, Nithi, Mutonga na mingineyo. Kila mto una mteremko, kona, daraja na mlima. Pale Nithi, tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafa. Silitaji hilo kusema kwamba springi ndizo zilizoleta ajali ile, la hasha. Nalitaja ili tukumbuke kwamba kona zetu hazisamehi. Gurudumu linalodunda badala ya kushika lami, kwenye mteremko kama ule, ni jambo la kufa na kupona.

Halafu kuna matuta. Gari dogo huwa na nafasi ya kama sentimita 15 hivi kutoka chini. Likikatwa springi na kushuka sentimita 6, zinabaki 9. Wakipanda watu watano na gunia la viazi, utakuwa unalima lami kwa sampu ya oili.

Vijana watanijibu, "Lakini Subaru ni gari la rali!" Haya, tuende kwenye rali. Mwaka 1997 Colin McRae wa Scotland alishinda Safari Rally hapa Kenya akiendesha Subaru Impreza. Mwaka huohuo alishinda rali ya Corsica, kule Ufaransa, kwa Impreza vilevile. Corsica ni lami tupu, na huko magari ya rali hushushwa. Hapa kwetu palikuwa na mawe, vumbi na tope, kwa hivyo magari ya Safari yaliinuliwa. Bingwa hakuchagua springi kwa kutazama picha, alichagua kwa kutazama barabara. Hata Wajerumani, wenye barabara laini kama kioo, hawaruhusu mtu afunge springi fupi kienyeji. Lazima gari likaguliwe na kuidhinishwa kwanza.

Jambo hili liko hata nyumbani kwetu. Kaka yangu amenunua Impreza kuukuu kwa pesa za maziwa na mkopo. Fundi amemwambia, "Lete asubuhi, jioni imeshuka, elfu mbili tu." Nilipomweleza haya ninayoandika alinijibu, "Wewe ni mtoto wa shule, unajua nini?" Mama ndiye aliyemwuliza swali ambalo hajalijibu mpaka leo: "Na nyanya yako tukimpeleka kliniki Chogoria, mgongo wake utavumilia?" Gari ni lake na pesa ni zake. Lakini mgongo ni wa nyanya, na kando ya barabara tunatembea sisi wanafunzi wa kutwa, asubuhi na jioni. Ndiyo maana nasema si mambo yake peke yake.

Ushauri wangu kwake na kwa wengine ni huu. Kabla ya kufikiria kushusha, badilisha shokamzoba zilizochoka, nunua tairi nzuri na ukague breki. Gari litashika kona vizuri hata likiwa na urefu wake wa kawaida. Ukisha kufanya hayo na bado roho inadai, weka akiba, ununue springi fupi na shokamzoba zake, usizidishe sentimita 3, kisha upeleke gari likafanyiwe alaimenti ya magurudumu. Na gari linalobeba abiria au wanafunzi lisiguswe kabisa.

Nanyi mafundi wetu, ambao wengi wenu ni kaka zetu waliotoka shule kama hii, msikubali kila kazi kwa sababu ina pesa. Mteja akileta gari likatwe springi, mwambieni ukweli. Akikasirika ataenda, lakini siku moja atarudi kuwashukuru. Wahenga walisema rahisi huwa ghali, na springi ya elfu mbili yaweza kutugharimu mtu.