MADIWANI WABANDIKE FOMU ZA MALI ZAO

Diwani wako unamjua kwa jina na kwa sauti. Je, unajua ana viwanja vingapi? Unajua kampuni iliyochonga barabara ya kata yako ni ya nani? Hujui, na wapo wanaopenda uendelee kutojua.

Azimio la Arusha la 1967 liliweka miiko: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa katika kampuni. Mwaka 1991 vigogo wa chama tawala walikutana Zanzibar wakaifungua milango. Hatulilii enzi za chama kimoja, na hata wakati ule wapo walioikwepa miiko hiyo. Lakini walau mwananchi alijua kiongozi wake amekatazwa nini.

Leo tuna Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995. Inamhusu diwani kama inavyomhusu waziri. Anajaza fomu ya mali na madeni, fomu inakwenda Sekretarieti ya Maadili, basi, mchezo umekwisha! Haibandikwi kwenye ofisi ya kata. Sasa jirani anayejua kwamba lile ghala la stendi ni la mheshimiwa atalinganishaje na kilichoandikwa?

Diwani mwenye masilahi katika mkataba unaojadiliwa na halmashauri anatakiwa ayatamke. Asipoyatamka, atakayemhoji kwanza ni kamati ya madiwani wenzake, mara nyingi wa chama kile kile. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Na fedha zenyewe si za kitoto. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilifichua vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa. Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo yote hadi 2024. Mama ntilie aliyerejesha kila senti akafungiwa dirisha pamoja na wezi. Nani aliyeviidhinisha vikundi hewa? Hilo hatujajibiwa.

Watasema upinzani una wivu wa ulaji. Haya, tuanze na kwetu. Novemba 26, 2017 ulifanyika uchaguzi mdogo katika kata 43, na chama tawala kikachukua 42. Baadhi ya viti hivyo viliachwa na madiwani wa upinzani waliohama wakidai wanamuunga mkono Rais. Kama yupo aliyelipwa kuhama, huyo aliuza kura zako, na kadi aliyokuwa nayo haimsafishi.

Tunataka sheria irekebishwe. Fomu hujazwa mwisho wa Desemba; ifikapo Januari ibandikwe ofisi ya kata, ya diwani wa chama tawala na ya wetu. Wakati tunasubiri, diwani wako akiitisha mkutano wa hadhara, muulize habari za fomu hiyo kabla hajafungua taarifa yake ya maendeleo.